Kumngoja Mpishi

"Karudisha tena?" Miraji aliuliza, mikono imezama kwenye sinki.

Ghalia aliitua sahani mezani. "Hakuonja hata mchuzi."

"Meneja kasema Mzee James asipokula leo, anapelekwa hospitali. Na wewe Bi Ghalia, boga la nazi kwa Mmarekani? Si ungemtilia na pilipili kabisa."

Ghalia hakucheka. Miaka minane alikuwa mpishi wa nyumba hii ya wazee, Thornton Heath, Uingereza, na hakuna mzee aliyewahi kumshinda kwa kukataa kula. Alilipasha boga moto, akalipeleka tena mwenyewe.

Mzee James alikaa peke yake dirishani. Tangu kufiwa na mkewe, wiki iliyopita, hamu ya kula ilimkimbia.

"Leo kwetu sikukuu ya mavuno," alisema. "Wazee wetu walihama kutoka huku Uingereza kwenda Marekani, miaka mia nne sasa. Baridi ya kwanza iliua nusu yao. Wenyeji wakawafundisha kupanda mahindi, na kufukia samaki chini ya mbegu kuwa mbolea. Walipovuna, wakala pamoja siku tatu."

"Na hao wenyeji, baadaye?"

Mzee aliitazama sahani. "Baadaye tuliwanyang'anya ardhi."

"Mkausahau mkono uliowalisha."

"Tuliusahau," alisema, bila kukasirika.

Ghalia alisimama nyuma ya kiti, akingoja. Kwao Wete, kisiwani, bibi yake hakuugusa mchele mpya mpaka jirani auonje. Angelala njaa kuliko kuivunja ada hiyo. Naye hivyo hivyo, alimngoja mgeni wake aanze. Mvuke ulipungua. Kijiko hakikunyanyuka.

"Mbona huli, mzee?"

"Namngoja mpishi akae. Nyumbani kwangu mke wangu hakupika akaachwa amesimama. Nyinyi mnaweka sahani mnasimama juu ya kichwa cha mtu, kama mnalisha paka."

Uso ulimwaka Ghalia. Wiki nzima walikuwa wakingojana! Wafanyakazi walikatazwa kukaa meza ya wazee, na meneja hakuwa mtu wa kurudia onyo mara mbili. Akavuta kiti, akakaa, akachukua kijiko cha meza ya jirani.

"Haya. Ila kwetu mgeni ndiye anayeanza."

"Na hapa mgeni nani? Mimi au wewe?"

Mzee alilikata boga, akaisogeza sahani katikati yao. Vijiko viwili vikapanda, kila kimoja kikikisubiri chenziwe, mpaka tui likaanza kudondokea kitambaa cheupe.