Chokoleti ya Jumatano ya Majivu

Kwenye katuni za Kijapani ninazosoma na rafiki yangu Ifrah, msichana wa shule akimpenda mvulana humtengenezea chokoleti kwa mikono yake na kumpa tarehe kumi na nne Februari. Mvulana anaonja, masikio yanamwiva, kengele ya darasa inalia, basi. Hakuna anayesema lolote hadi kitabu cha tisa! Mimi Kasyoka sina subira hiyo, na mwaka huo sikuwa na muda pia.

Mvulana wangu alikuwa Mwenda, wa darasa letu. Babake, askari polisi, alikuwa amehamishwa kurudi Meru. Mwenda aliachiwa achague: aende naye, au abaki bwenini hapa Garissa amalize Kidato cha Nne pamoja nasi. Jibu lilitakiwa jioni ya tarehe hiyo hiyo kumi na nne. Mimi nilitaka abaki, tena nilitaka sana.

Basi nikayeyusha chokoleti, nikaimimina kwenye vifuniko vya soda, ikaganda ndani ya friji ya duka la mamake Ifrah. Jua la Garissa halina utani, kwa hiyo Ifrah akanitilia vipande kwenye chupa ya chai, na barafu pembeni.

"Lakini walaal, ndugu yangu," akasema huku akifunga chupa, "leo si ile siku yenu ya majivu? Si mnafunga?"

Mungu wangu! Nilikuwa nikilamba kijiko tangu asubuhi.

Ifrah alicheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi, uniletee mimi chokoleti mchana wa Ramadhani, nitakukimbiza hadi kule kambini Dagahaley!"

"Cheka tu," nikamwambia. "Atakula kesho. Leo nataka jibu."

Misa ya jioni ilipoisha, nilimngojea Mwenda nje ya kanisa. Huwa anatumikia altareni, kwa hiyo hutoka wa mwisho. Alikuja na majivu kwenye paji la uso, nami na yangu. Nikamfungulia chupa. Akachungulia, akatabasamu, akaifunga tena.

"Nimefunga, Kasyoka. Na vitamu nimeviacha mpaka Pasaka."

Kwenye katuni, hapo ningekimbia nikilia kwenye mvua. Mvua gani, Garissa, mwezi wa pili? Nikabaki pale pale, nikamshika mkono wa shati.

"Umeamua?"

"Bado." Akatazama chini. "Mama ameshaninunulia kitanda. Baba anasema Mama anakitandika kila asubuhi, na hakuna anayekilalia."

Mamake hajawahi kuishi huku. Aliogopa mashambulizi, na simlaumu. Tangu Mwenda akiwa Darasa la Sita wanaonana likizo tu.

Nikawakasirikia wale wachora katuni, kusema kweli. Msichana anashika shati la mvulana, anamwambia "usiende," na sisi wasomaji tunapiga kelele za furaha. Hakuna anayeuliza nani anamngojea nyumbani. Mimi nilikuwa nimetoka kupakwa majivu, padri ameniambia nitubu na kuiamini Injili, na dakika chache baadaye niko hapa na chupa ya chai, nataka kumnyima mama wa watu mtoto wake. Na hilo ndilo nililokuwa nikiita mapenzi. Nikaliachia lile shati.

"Nakupenda," nikamwambia, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. "Sasa sikiliza. Nenda Meru. Kalale kwenye hicho kitanda."

Mwenda aliinua uso. Jasho lilikuwa limeyateremsha majivu yake hadi kwenye nyusi.

"Wakati wote wa Misa nilikuwa naomba usiniambie nibaki," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningebaki."

Nikalia hapo hapo, mbele ya askari wa lango na akina mama wote wa kwaya, na wala sikuona haya.