Mgeni wa Sikukuu ya Nikola

Ružica Tadin alisoma habari kwenye televisheni ya taifa mpaka mvi zikamtoka, na alisoma alichopewa kama alivyopewa. Siku alipochoka, aliacha kazi, akaweka kamera chumbani kwake mjini Zemun na kutangaza mtandaoni kwamba sasa atasema ya kwake mwenyewe. Watu wakamfuata kwa maelfu. Wakamlipa pia, ila hakuna akulishaye bure: walitaka serikali ichambwe kila jioni, na Ratomir Beljin, meya wa mji wa Dubovlje, mwanasiasa wao kipenzi wa upinzani, asifiwe. Maskini, aliruka majivu akakanyaga moto, na joto lenyewe alichelewa kulihisi.

Alilihisi wiki alipoletewa vipimo vya maji ya Dubovlje. Yalikuwa na sumu ya arseniki kupita kiasi, na meya alijua tangu kiangazi, akanyamaza kwa kuwa uchaguzi ulikaribia. Mama mmoja wa huko, Ljubinka, alikuwa akimwandikia Ružica kila mara: wanangu wadogo, maji ya bomba wanywe au wasinywe? Ružica akamjibu, "Endelea na ya chupa. Ijumaa saa mbili usiku nisikilize, nitasema yote."

Ijumaa hiyo ilikuwa slava ya kwao, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo. Kwenye slava mtu haalikwi wala hafukuzwi. Anayeijua siku yako anakuja. Ratomir aliijua. Alitokea jioni na chupa ya mvinyo mkononi, akapiga ishara ya msalaba, akachota kijiko cha ngano tamu ya kuwakumbuka marehemu, kisha akambusu Persida, mama yake Ružica, mara tatu.

"Nasikia leo una kipindi kikali, dada," alimwambia Ružica akijipakulia samaki. "Nikasema nije nikutie nguvu."

Ružica akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, huyo ndiye ninayemsema leo."

"Basi subiri atoke. Mtu amekula ngano ya marehemu baba yako, utamwanika yuko kwenye kiti chako? Watu watatuonaje?"

"Na asipotoka?"

"Mpe sikteruša, mwanangu. Hata jiwe linaielewa."

Sikteruša ni kahawa ya mwisho. Ukiletewa hiyo, umeambiwa kwa adabu kwamba njia nyeupe. Wageni wengine walipoiona tu walianza kutafuta makoti yao. Ratomir aliinywa taratibu, akakilaza kikombe kwenye kisahani.

"Mama Persida, mkono wako una baraka. Hakuna kingine?"

Wajomba wakacheka. Ružica naye akacheka, kile kicheko cha televisheni, na akajichukia kwa kukicheka.

Saa mbili ilipokaribia alijipenyeza chumbani kwake. Ratomir akaja nyuma yake amebeba kiti.

"Niwasalimie watazamaji wako, basi. Au mgeni wa slava siku hizi anafungiwa nje?"

Alisema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Persida alisimama mlangoni, mkono kifuani, akimtazama binti yake. Ružica akawasha kamera. Kule kwenye skrini watu walipowaona wawili hao bega kwa bega, mioyo myekundu ilimiminika.

"Leo nilitaka tuzungumzie maji ya Dubovlje," alianza.

"Nami nimekuja kwa hilo hilo," Ratomir akadaka. "Maadui zetu wanasema yana sumu. Jamani, mimi nayanywa, wanangu wanayanywa. Dada Ružica analijua hilo. Yangekuwa machafu, angenikaribisha mezani kwake?"

Akamwekea mkono begani. Ružica alikuwa nayo mdomoni sentensi ya kumjibu, ameikariri siku nzima. Alimtazama mama yake, akaitazama ile mioyo, na kilichomtoka ni ile sauti yake ya zamani, laini, isiyo na mkwaruzo.

"Asante, Meya. Heri ya slava kwa wote wanaosherehekea."

Zamani angalau kulikuwa na mhariri wa kumlaumu. Leo hakuna aliyempa karatasi.

Ndipo Ratomir alipolikumbuka koti lake. Kabla hajafika chini ya ngazi, simu ya Ružica ililia. Ljubinka alikuwa ameandika: "Asante sana dada. Nimewaona pamoja, roho imetulia. Watoto wamekunywa ya bomba sasa hivi."

Ružica akaandika haraka: "Usiwape tena! Yana arseniki. Vipimo ninavyo mimi hapa."

Jibu lilikuwa fupi.

"Mbele ya watu ulinyamaza, sasa unaninong'oneza. Nimwamini Ružica yupi?"