Kalibu Isiyokuwepo Ukutani

Mguu wa Henrike ulikuwa juu ya karatasi, mtupu, mweupe kama unga, na mzee Kassian mshona viatu alikuwa akiuzungushia penseli kwa upole ambao Notburga hakuwahi kumwona akiutumia hata kwa mjukuu wake. Vinzenz, baba yake Notburga, alikuwa ameinamia karatasi hiyohiyo, viganja vyake vimeshika magoti yake mabovu, kana kwamba wanachora ramani ya hazina.

"Kidole cha pili kimekizidi cha kwanza," alisema Kassian. "Mguu wa namna hii ukibanwa mbele, kwenye mteremko utalia kama mtoto mchanga. Tuuachie nafasi."

"Uachie," alisema Vinzenz. "Huyu atateremka sana."

Notburga alisimama mlangoni na kuyatazama maneno hayo yakipita chumbani. Ukutani, nyuma ya kichwa cha mshona viatu, zilining'inia kalibu za mbao zenye umbo la miguu ya wateja, jozi kwa jozi, kila moja ikiwa imechomwa jina kwa chuma cha moto: ya babu, ya baba, ya kaka yake Korbinian. Sasa itaongezwa ya Henrike, mke wa Korbinian, binti wa mwoka mikate wa Linz, ambaye alikuwa amefaulu mtihani wa uwindaji majira ya kuchipua yaliyopita na ambaye hadi mwaka juzi hakuwa amemwona mbuzi-mwitu wa majabali ila kwenye lebo ya chupa.

Ya Notburga haikuwepo. Tangu alipoanza kumfuata baba yake mlimani, kabla hata hajavunja ungo, alivaa mabuti aliyoyaacha Korbinian alipokwenda kufanya kazi Innsbruck. Yalikuwa makubwa. Aliyajaza kwa jozi mbili za soksi za sufu, akakaza kamba, akanyamaza. Baba yake alipomuuliza mara moja kama yanamtosha, alijibu, "Kama niliyezaliwa nayo." Hakuulizwa tena. Kucha za vidole vyake vikubwa zilikuwa nyeusi msimu wa kiangazi na msimu wa theluji, na aliyezijua ni yeye peke yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Wifi, njoo uone!" Henrike aliita, akicheka. "Ananitekenya!"

"Naona kutoka hapa," alisema Notburga.

Kilichomkereketa si ngozi wala uzi. Magoti ya Vinzenz yalikuwa yamefika mwisho wake, na wote bondeni walijua kwamba vuli hiyo, baada ya kuwindwa beberu wa mbuzi-mwitu, angemkabidhi mtu mwingine ufunguo wa kibanda cha wawindaji huko juu; na mwenye ufunguo ndiye mwenye mlima. Korbinian mgongo wake haukumruhusu. Walibaki wanawake wawili. Na mmoja wao, sasa hivi, alikuwa akishonewa viatu.

Mabuti yalipokuwa tayari, Henrike aliyavaa kila mahali ili yalainike, kama alivyoagizwa. Aliyavaa kanisani. Aliyavaa jikoni akikanda matonge ya mkate. Siku moja alionekana amesimama nayo katikati ya kijito hadi ngozi ikalowa, kisha akatembea barabarani mpaka yakamkaukia miguuni.

"Bibi Henrike," walimtania wanaume nje ya kilabu, "hata kitandani unalala nayo? Maskini Korbinian, atakuwa na alama za misumari!"

"Korbinian analala sebuleni," alijibu Henrike bila kugeuka. "Mabuti yamepewa nafasi yake."

Walicheka wakapiga meza. Notburga naye alicheka, kwa sauti kuliko wote, na kicheko kikamwachia ladha ya chuma mdomoni. Maana jioni alipoingia nyumbani aliwakuta baba yake na wifi yake wameketi kwenye benchi la kando ya jiko, kila mmoja na buti lake mapajani, wakipaka nta iliyochanganywa na mafuta ya kondoo. Vinzenz alikuwa akionyesha jinsi ya kuisukuma kwenye mshono kwa kidole gumba. Yeye hakuwahi kuonyeshwa. Alijifunza kwa kuchungulia.

Wivu una subira ya ajabu. Ulimpeleka Notburga hadi mjini, kwenye duka kubwa lenye taa kali, ambako aliona mabuti yanayofanana na yale ya Henrike kama pacha na pacha: ngozi ya kahawia, ukingo wa mpira, kulabu nyeusi.

"Vua basi, dada, tupime," alisema kijana muuzaji. "Na uvae soksi utakazopandia mlima."

"Namba yangu naijua."

"Wateja wote huniambia hivyo, kisha hunirudia wakichechemea."

"Mimi sitarudi."

Hakuwa tayari kumfunulia mgeni kucha zile. Alijaribu mabuti juu ya soksi nyembamba, kwenye sakafu laini kama meza, akapiga hatua hadi kwenye kioo na kurudi. Nyumbani aliyaficha kabatini. Alitaka baba yake ayaone kwa mara ya kwanza alfajiri ya uwindaji, aone kwamba binti yake naye anaweza kupendeza, bila ya kushonewa na mtu.

Alfajiri hiyo ilifika na baridi safi. Walikuwa wamelala kibandani; wakala mkate mweusi na nyama ya kukaushwa kwa moshi, na Notburga akatoka nje akiwa amevaa. Vinzenz alimtazama miguuni kwa muda.

"Mapya?"

"Tangu Julai nayavaa, Baba."

"Sijayaona."

"Ulikuwa unatazama kwingine."

Henrike aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Walianza kupanda.

Kupanda hakukuwa kubaya. Lakini walipovuka mgongo wa kwanza na kuanza kuteremkia bonde la mawe, vidole vya Notburga viligonga mbele kama nyundo, na visigino vikaanza kuungua. Alitembea akiwa wa pili, nyuma ya baba yake, akihesabu pumzi ili asihesabu maumivu. Mbele, Vinzenz alipiga goti taratibu, akanyoosha kidole. Beberu alikuwa amesimama juu ya bamba la jiwe, peke yake, mgongo wake mweusi umepinda kama upinde, manyoya ya vuli yakipeperuka.

"Wewe, Burgi," alinong'ona baba yake. "Tambaa hadi pale kwenye mwamba. Ni wako."

Ni wako! Aliyasubiri maneno hayo tangu mguu mweupe ulipowekwa juu ya karatasi. Alisogea hatua moja, ya pili. Upepo ulikuwa mzuri. Alipoukunja unyayo wa kulia ili akwee jiwe, buti likalia. Ngozi ngumu, isiyojua maji wala nta, ilitoa mlio mrefu mwembamba, kama mlango wa ghala uliosahauliwa. Akaganda. Akahamishia uzito mguu wa kushoto, na wa kushoto nao ukajibu.

Beberu alipiga mluzi puani, akaruka, akatoweka nyuma ya ukingo. Mawe madogo yaliendelea kuporomoka baada yake, halafu kimya. Vinzenz hakumtazama binti yake usoni. Alitazama mabuti.

Notburga alikaa chini kwa kuwa miguu ilikataa. Henrike alimfikia, akapiga magoti na kuanza kufungua kamba bila kuomba ruhusa. Soksi ilitoka imeshikana na ngozi. Damu ilikuwa imefika kwenye kifundo.

"Jamani, wifi," alisema Henrike kwa sauti ndogo. Kisha akaziona kucha. "Hizi si za leo."

"Usinishike."

"Nani atakushika? Beberu?" Henrike alitoa kitambaa mfukoni na kuanza kufunga kisigino. "Kaa vizuri, au nitakufunga na mdomo."

"Amekwenda wapi yule?" aliuliza Vinzenz. Alikuwa akipapasa mgongo wa mlima kwa darubini. "Mimi njia yake ya kukimbilia siijui."

Notburga aliijua. Vuli yote iliyopita alikuwa amemfuata peke yake, akajua kwamba akishtushwa hazunguki chini kama wengine. Hukwea korongo jembamba, akapumzika kwenye kipande cha theluji ya zamani nyuma ya jabali lenye ufa. Ilitosha kusema sijui. Neno moja, na ufunguo ungerudi mfukoni mwa baba yake hadi mwakani, na mwakani visigino vingekuwa vimepona. Neno hilo lilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Alimtazama Henrike, ambaye alikuwa akifunga fundo kwa meno yake, na mabuti yake, yenye mikunjo laini penye kila kiungo cha mguu, hayakuwa yametoa hata mnong'ono tangu alfajiri. Alimchukia kwa moyo wote. Na alijua kwamba, kama beberu yule angepotea kwa uongo wake, asingeweza tena kuuita mlima ule wake, ufunguo awe nao au asiwe nao.

"Jabali lenye ufa," alisema. "Kwenye theluji. Pandia upande wa kaskazini umtangulie. Usipite korongoni, mawe yatakusema."

Henrike alimtazama sana. "Una hakika?"

"Nenda, kabla sijabadili nia!"

Alikwenda bila sauti. Baba na binti walibaki juu ya mawe.

"Miaka kumi na kitu," alisema Vinzenz hatimaye. "Nilikuwa nikingoja uniambie kwamba mabuti ya kaka yako hayakutoshi."

"Na wewe ungeweza kuuliza."

"Niliuliza."

"Mara moja."

Mzee alisugua goti. "Mara moja," alikubali. "Nilidhani unayapenda. Halafu nilidhani una kiburi. Halafu nikazoea. Lakini mlimani, Burgi, mtu anayeficha maumivu hunitisha kuliko mtu asiyejua kulenga. Nitamwachiaje ufunguo mtu ambaye siwezi kujua kama anaweza kurudi?"

Mlio wa bunduki ulikuja kutoka kaskazini. Mmoja tu.

Henrike alirudi na beberu mgongoni, uso mwekundu, machozi na jasho pamoja. Vinzenz alimlaza mnyama kwa ubavu, akamtia jani kinywani, chakula cha mwisho kama ilivyo desturi ya wawindaji, kisha akavunja kitawi cha msonobari mfupi, akakichovya kwenye damu ya jeraha na kumkabidhi Henrike juu ya kofia. "Heri ya mwindaji!"

"Shukrani ya mwindaji," alijibu Henrike. Lakini kabla ya kukichomeka, alikivunja kitawi vipande viwili na kumnyooshea Notburga kimoja. Ndivyo desturi inavyotaka, kwamba aliyeonyesha njia ya mnyama apate sehemu. Hakuna aliyemfundisha siku hiyo. Alikuwa ameisoma kwa ajili ya mtihani.

Notburga alikipokea. Kilimwuma kiganjani kuliko visigino. Angependelea kunyimwa.

Ufunguo ulikabidhiwa kibandani, juu ya meza, bila hotuba. "Msimu wa theluji utakuwa kwa Henrike," alisema Vinzenz. "Chumvi na majani makavu ya wanyama yabebwe na mwenye miguu. Mwakani tutaiangalia miguu yote upya." Notburga aliteremka bondeni amevaa ndara za sufu za kibandani, zimefungwa kwa kamba ya kuanikia, na wanaume nje ya kilabu walimtazama akipita.

"Burgi! Hayo ndiyo mabuti mapya?"

"Ndiyo," alisema. "Hayalii."

Visigino vilipoota ngozi mpya alikwenda kwa Kassian. Aliketi kwenye kigoda, akavua jozi ya kwanza ya soksi, kisha ya pili, akaweka mguu wake, na kucha zake nyeusi, juu ya karatasi. Mzee aliutazama, akashika penseli. Penseli ilipopita upinde wa unyayo, Notburga alitekenyeka, akauma mdomo asicheke.

"Nitaitundika hapa," alisema Kassian, akionyesha msumari kando ya kalibu ya Henrike.

"Hapana. Upande ule mwingine."

"Upande ule kuna unyevu. Mbao itapinda."

Notburga alifikiri. "Basi hapo," alisema kwa shingo upande. Kisha, akivaa soksi, akauliza kana kwamba hajali: "Kati ya yake na yangu, ndefu ni ipi?"

Kassian alishusha kalibu ya Henrike, akailinganisha na karatasi, akachukua muda wake.

"Yako," alisema. "Kwa unene wa ukucha."

Notburga alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.