Kababu za Mnyama Asiye na Mfupa

Tangu daktari amkataze nyama, mume wangu alikuwa akila amesimama.

Hakukatazwa viti. Daktari alisema moyo umechoka kubeba mafuta ya wanyama: nyama basi, chumvi apunguze, achague mboga na nafaka. Kuhusu kukaa hakutamka neno. Lakini kila siku ya mapumziko binti yetu alipokuja na mumewe kula kababu, yeye mwenyewe alizikanda, akazikaanga, akazizamisha kwenye mchuzi wa nyanya, akazileta mezani zikitoa moshi, kisha akarudi kuegemea sinki na bakuli lake la mboga za kuchemsha, kama mlinzi aliyepelekewa chakula getini.

"Baba, njoo ukae," binti humwambia.

"Nimekaa kutwa nzima bucha."

Uongo mtupu. Muuza nyama gani anakaa? Huyu wangu amesimama nyuma ya kaunta tangu ana nywele. Wateja wanamwita Mizani, maana hapimi nyama tu, hata salamu anaipima kwanza. Ukimuuliza hujambo, anatazama dari, anahesabu viungo vyake, ndipo anajibu.

Basi siku moja akaniambia, huku akifunga kamba za viatu ili asinitazame, "Watoto waambie wapumzike kwao wiki hii. Kupika kumenichosha."

Mimi ni fundi cherehani. Najua nguo inaanzia wapi kuchanika. Haianzii katikati, inaanzia kwenye mshono mdogo ambao kila mtu anasema ataushona kesho. Sisi tumewahi kukosa hata cha kuweka kwenye sahani, na bado tulikaa mezani, tukaigawana njaa, yeye akajichukulia fungu kubwa. Sasa chakula kipo na mtu hayupo. Nikajisemea, mama wee, meza hii ikifa leo, kesho tutakuwa wapangaji wawili wanaosalimiana kwenye korido.

Nikaenda sokoni nikanunua maharagwe mekundu na uyoga.

Sikumwambia. Kumwambia muuza nyama unatengeneza kababu za maharagwe ni kumwambia kinyozi unajinyoa kwa kijiko. Nikangoja aende kazini, nikachemsha maharagwe, nikayaponda, nikatia kitunguu, kitunguu saumu, pilipili manga na uyoga uliokatwakatwa. Nikaviringisha madonge mazuri, mviringo wake umekamilika kama nimeyakata kwa muundo. Nikayateremsha kwenye mafuta ya moto.

Yakaniaga. La kwanza lilifunguka polepole kama mtu anayevua koti. La pili halikuona haya, lilivua yote mara moja. Nikabaki na kikaango cha mafuta yenye maharagwe yanayoogelea, na mimi nayapungia kwa mwiko.

"Nini hicho?"

Alikuwa mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika kule bucha, amefunga mapema.

"Kababu," nikasema.

"Za nini?"

"Za maharagwe."

Akasogea, akachungulia kikaango. Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeitwa kutambua maiti.

"Maharagwe haya yamekufa vibaya."

"Cheka tu. Ni zako hizo."

Hakucheka. Aliniangalia, akaangalia lile bakuli lake la mboga kwenye sinki, akaniangalia tena. Nikadhani atageuka aondoke. Badala yake akavua saa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama anavyonawa kazini, akachovya vidole kwenye mchanganyiko uliobaki. Akausugua kwa kidole gumba. Akaunusa.

"Hana mfupa," akasema, akijisemea. "Hana mshipa. Hana mafuta. Sasa mnyama huyu anasimama kwa kitu gani?"

Nakuapia, hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza la kweli tangu atoke kwa daktari. Kabla ya hapo alikuwa na majibu tu: sitaki, nimeshiba, nimechoka.

Mume wangu ana kipimo chake cha kababu. Akishakanda nyama, huchukua donge moja, analiinua usawa wa kifua, analiachia lianguke kwenye ubao. Nyama iliyokandwa vizuri husema *puu*, ikakaa pale pale kama mgeni aliyeridhika. Iliyokandwa vibaya hupasuka. Akachukua donge langu, akaliinua, akaliachia.

*Pwata.* Likasambaa ubao mzima, kipande kikaruka mpaka kwenye pazia.

"Sogea, fundi," akasema.

Nikasogea kwa furaha. Tena nikamchochea: "Eeh, baba, chukua mwenyewe. Dunia nzima hakuna anayekanda kama wewe." Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila mimi nilidhani ni maneno tu. Mizani alifungua friji, akatoa maji ya barafu, akayamimina kwenye maharagwe.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza ujifunze. Nyama ikisagwa inapata joto, mafuta yanayeyuka, inaachana. Ukiipa maji ya barafu na chumvi, ukaipiga, inanata." Akatia chumvi. Akaanza kupiga. Bega lote lilikuwa linafanya kazi, bakuli linalia, mezani vijiko vinaruka. Alipiga kama analidai kila haragwe. Alipoacha, jasho linamtoka, tukainama wote wawili kutazama.

Uji. Uji mzito wa rangi ya matofali, umetulia, unang'aa.

Nikachukua kikombe kabatini. "Nikumiminie, au utakunywa kwa bakuli?"

Akainamia bakuli. Halafu nikaona bega linatikisika, nikajua anacheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekikosa kuliko mshahara.

"Nimemfanyia kama nyama," akasema. "Na siye."

Kuanzia hapo nyumba yangu ikageuka bucha ya mboga. Alirudi kila jioni na wazo jipya. Uyoga aliukaanga peke yake bila kitu, akautazama ukilia maji yake yote. "Huyu sifongo, anajifanya mnene kumbe amejaza maji. Hakuna kumuamini mpaka amalize kulia." Alipomaliza kulia alikuwa mdogo, mweusi, na alinukia vizuri kiasi kwamba nilimwibia vipande viwili, nikapigwa mwiko mkononi.

Lakini madonge bado yalisema *pwata*. Nikiwa kwenye cherehani yangu sebuleni nilikuwa nasikia jikoni: pwata. Kimya. Pwata. Kimya kirefu. "Hebu niambie wewe unataka nini!" Nikachungulia, alikuwa anazungumza na bakuli.

Jioni moja nikakuta mkoba wa kitambaa unaning'inia kwenye ndoano ya dirisha, unadondosha tone, tone, kwenye sufuria. Nikautambua mara moja. Kile kilikuwa kitambaa changu cha bitana.

"Nani amenyongwa hapa?"

"Maharagwe," akajibu bila aibu.

"Kosa lao?"

"Wewe cheka. Nyama ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi huikati ikakatika vizuri. Unaitundika kwanza, itoe maji, itulie, ishikane. Mimi maisha yangu yote natundika nyama kabla ya kuigusa kwa kisu, halafu huyu namtoa kwenye maji ya moto namkimbizia kwenye bakuli! Ningekuwa yeye na mimi ningesambaa."

"Na utamchuna lini?"

"Akikauka."

Akamaliza kuyachuja, akayatandaza kwenye sinia, akayatia ndani ya oveni kwa moto mdogo mpaka maganda yakaanza kupasuka. Akayaacha yapoe. Safari hii hakupiga. Nusu aliyaponda, nusu akayaacha na ukubwa wake, akachanganya kwa ncha za vidole, taratibu, kama anapanga mayai. Mimi nimemfahamu mtu huyu miaka mingi, sikujua mikono ile inaweza kuwa myepesi hivyo juu ya kitu kisicho mtoto.

Akaachia donge. Halikusambaa. Lakini kingo zake zilivunjika, chembe zikatawanyika pembeni.

Akakunja uso. "Nyama ina nyuzi zake ndani. Inajishika yenyewe. Hii haina uzi."

Alipotaja uzi, hapo ndipo alipoingia kwenye fani yangu.

"Bwana wee," nikamwambia, "kitambaa kisicho na nyuzi za kujishika sisi hatukilaumu. Ndani tunakiwekea kitu cha kukikaza, kama kola ya shati. Na kingo tunazipiga pindo."

"Pindo? Kababu?"

"Nipishe."

Nikasaga shayiri mpaka ikawa unga, nikatia kidogo ndani. Hiyo ndiyo kola. Halafu nikachukua mkate mkavu, nikauparuza, nikaviringisha kila donge juu ya zile chenga mpaka likavaa vizuri. Hilo ndilo pindo. Tukayaweka kwenye friji yakae, kwa sababu alisisitiza kwamba hata mnyama asiye na mfupa anahitaji kupumzika. Na sisi tukakaa sakafuni tukingoja, tumeegemea mlango wa friji kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Akatoa moja. Akaliinua usawa wa kifua. Nikafumba macho.

*Puu.*

Likakaa.

Tulitazamana kama wezi waliosukuma mlango na kukuta haukufungwa. Akazikaanga zikageuka hudhurungi pande zote, na hakuna iliyovua nguo. Akanipa ya kwanza mkononi mwangu, moto, nikaipuliza, nikauma. Nje ilivunjika kidogo, ndani laini, halafu haragwe zima hapa, uyoga pale. Haikuwa nyama. Wala haikuomba radhi kwa kutokuwa nyama.

"Onja," nikamwambia.

Akafuta mikono. "Waite watoto. Nitaonja wakija."

"Utaonja ukiwa umekaa au umesimama?"

Akajifanya hajasikia. Ila nilimwelewa. Anaogopa. Kama angeonja pale akakuta si kitu, asingekuwa na kingine cha kujaribu. Zingebaki mboga za kuchemsha na sinki mpaka mwisho. Afadhali kutojua kwa siku chache zaidi.

Siku ya mapumziko nikapanga viti vinne. Nilitaka apike sufuria mbili, ya nyama kwa ajili ya wageni na ile nyingine. Akakataa kabisa. "Sufuria moja. Wakiiacha, basi."

Mkwe wetu ni dereva wa lori, na jina lake la nyumbani ni Tela, maana hata akiwa amejaa, nyuma pana nafasi ya mzigo. Alikaa, akavuta sahani, akatia kababu nzima mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Pale kwenye sinki, Mizani alikuwa anaipangusa sahani iliyokwisha kukauka zamani.

"Baba," Tela akasema, "huyu mnyama gani?"

"Kisia."

"Ng'ombe siye." Akachukua ya pili. "Mbuzi siye." Ya tatu. "Ngoja nimchunguze vizuri." Ya nne.

"Wewe unachunguza au unakula?" binti yetu akamuuliza.

"Mke wangu, uchunguzi hauharakishwi. Baba, nisaidie. Ana pembe?"

"Hana."

"Ana manyoya?"

"Hana."

"Miguu mingapi?"

"Hana mguu hata mmoja," Mizani akasema. "Na mfupa hana."

Tela akasimamisha uma hewani. Macho yakamtoka.

"Nyoka!"

Binti akatema kwenye kiganja. Mimi nilikuwa nimeinamia meza, mbavu zinaniuma kwa kicheko, siwezi hata kumtetea mume wangu. Yeye alirusha kitambaa kwenye sinki akaja mbio.

"Nyoka? Nyoka, mimi? Mikononi mwangu imewahi kupita nyama isiyo na jina?" Akanyakua uma wa binti, akapasua kababu katikati. "Tazama hapa! Hili ganda la nini? La nyoka? Hili ni haragwe, kijana! Nimelitundika dirishani kwa mkono wangu! Na huu uyoga, nimeukaanga mpaka ukamaliza kulia!"

Ili kuwaonyesha ilibidi ainame. Na alipoinama, mimi nilisogeza kiti nyuma ya magoti yake, taratibu, kama unavyosogeza kitambaa chini ya sindano. Akakaa. Hakujua amekaa. Aliendelea kueleza habari za maji na chumvi na pindo, huku Tela akisema "Haragwe? Mimi nimekula haragwe?" na kuchukua nyingine ili kuhakikisha. Katikati ya maelezo, kile kipande kilichopasuliwa kikapanda na uma mpaka mdomoni mwa mwenyewe.

Maelezo yakakatika hapo.

Sote tukamtazama. Hata Tela alishusha uma. Mizani alitafuna huku akitazama dari, anapima, kama anavyopima salamu.

"Chumvi haitoshi," akasema hatimaye, akanyoosha mkono.

Binti yetu akawahi kichupa cha chumvi, akakiweka mbali, upande wa kwangu. "Chumvi nayo daktari kaipunguza, baba."

Nilimwona anakitazama kile kichupa. Halafu akatazama chini, akaona kwamba amekalia kiti. Akaniangalia mimi, nami nikaangalia pazia, ambapo bado palikuwa na doa la lile donge la kwanza.

Mikono yake miwili ikashika kiti. Basi, nikasema moyoni, ananyanyuka.

Akakivuta mbele, karibu na meza, mpaka tumbo likagusa ukingo.

"Haya, nipeni mchuzi basi," akasema. "Na huyo Tela mwondoleeni sufuria, hatatubakishia hata mkia."