Saini ya Jaji Roediger

Jaji Alvin Roediger alikuwa amewafunga magavana wawili, meya mmoja na wabunge wa jimbo ambao baadhi ya majina yao hakuyakumbuka tena. Magazeti ya mji wa Springfield yalimwita mtu asiyenunulika. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, pumzi ikimkatika kwenye ngazi, na kesi yake ya mwisho ilikuwa imegeuka karatasi moja mezani. Rais alikuwa amemsamehe Gavana Whitlock, miezi mitano baada ya hukumu, rufaa ikiwa haijasikilizwa. Ilibaki jaji mwenyewe kutia saini amri ya kuifuta kesi.

Siku tisa zikapita hajasaini.

Siku ya kumi Maureen, karani wake kwa miaka ishirini na sita, alimwambia jaji kwamba Dolores Kuzma amepiga simu tena. Dolores ndiye mpiga chapa wa ofisi ya gavana aliyetoa ushahidi kwamba gavana aliuza vyeo. Alifukuzwa kazi, na kanisani watu wakaacha kukaa benchi lake. Siku ile kizimbani alitetemeka hata akamwaga maji, na jaji akamwambia mbele ya wote kwamba mahakama haitausahau ujasiri wake.

"Anataka nini?"

"Anauliza kama alisema uongo, Mheshimiwa. Anataka kukusikia wewe."

"Kesi ikiwa wazi siongei na shahidi. Unajua."

"Najua. Kwa mwendo wako huu, mtaongea makaburini."

Jaji alivuta kalamu, akasaini, kisha akaomba aunganishiwe simu.

Dolores alipokea upesi. Jaji akamwambia hakusema uongo hata neno moja. Yeye alimwamini, na wale raia kumi na wawili walioamua kesi walimwamini.

"Miezi yote hii ulikuwa wapi?"

"Sheria ilinizuia, Bi Kuzma. Mpaka kesi ifungwe."

"Kwani imefungwa?"

"Ndiyo."

"Nani kaifunga?"

Wino ulikuwa haujakauka. "Mimi. Sasa hivi."

Alimsikia akivuta pumzi, na redio ikiongea nyuma yake.

"Basi hata wewe," Dolores alisema, bila hasira, akakata.

Jaji alibaki na simu sikioni. Maureen akauliza kama aipeleke amri masijala ikagongwe muhuri.

Akaitikia kwa kichwa.