Nyumba ya Pembe Nne

Chamsia, jirani yetu wa ukuta mmoja, anadai kwamba mgeni wa kwanza alikuja Jumatano, baada ya swala ya alasiri, yeye akiwa anaanua nguo. Mgeni alikuwa Fazul, mshona kanzu wa Mahajanga, aliyeuawa katika ile Disemba ya fujo, Wangazidja walipowindwa mjini humo, miaka minne nyuma. Chamsia anasema alipita chini ya kamba, akainamisha kichwa asiiguse shuka iliyofuliwa, akauliza bao linachezwa upande gani. Akamwonyesha kwa kidole. Kisha akaendelea kuanua, maana wingu lilikuwa limeshafunga upande wa kiwanda cha sukari.

Wengine wanasema ilikuwa Alhamisi. Kuhusu Fazul hakuna anayebisha.

Baraza la bao la Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, lilikuwa limebaki na watu wawili, mzee Madi na mzee Mikidache. Zamani palikuwa na mabao sita nyuma ya msikiti, na wanaume walitoka kiwandani moja kwa moja wakaja hapo na masizi ya miwa nyweleni. Mchwa wakala mabao, moja baada ya jingine. Wachezaji nao, wengine walihamia Ngazidja, wengine walichoka tu. Wazee wale wawili wakawa wanachimba mashimo mchangani, na mvua ikinyesha wanaanza upya.

Aliyejua kuchonga bao alikuwa Mdahoma wa Mahajanga, na Mdahoma hakuonekana tena tangu ile Disemba. Si barua, si kaburi. Kilichopatikana ni bobari yake, ile patasi ya mdomo wa duara ya kukombea mashimo, ambayo mwanamke mmoja aliitoa mjini ndani ya nguo za mtoto. Akampelekea Halimati, binti wa Mdahoma, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapa Nosy Be. Halimati akaitia kwenye kopo la misumari.

"Bobari inaota kutu na sisi tunaota mvi," mzee Madi akamwambia. "Tuchongee bao, mwanangu."

"Mimi mwanamke, mjomba."

"Bobari imekuuliza?"

Halimati akapata ubao mnene wa mfenesi. Akachonga shimo moja kwa siku, kwa kuwa mti ule ni mgumu na yeye si mtu wa pupa. La kwanza alilimaliza adhuhuri. Alasiri akaja Fazul.

"Fazul," Mikidache akasema bila kuinua macho, "ulikuwa hujui kucheza, na kufa hakukukufundisha."

"Nilikokuwa hakuna kete," Fazul akajibu. "Sogea nikae."

Shimo la pili likamleta Tadjiddine, mwuza mafuta ya taa. Ikawa hivyo, shimo moja mtu mmoja, wote wa Mahajanga, wote wa Disemba ile. Walifika alasiri na kuondoka magharibi. Kahawa hawakunywa. Walinusa tu kikombe na kukirudisha kimepoa, na Chamsia, mwenye vikombe, akalalamika kwamba anapasha moto kitu kilekile mara tatu.

Baraza likajaa. Walio hai walikuja kuona ndugu zao, wakabaki kucheza. Watu wa kiwandani wakaanza tena kupita hapo kabla ya kwenda kuoga. Walitaniana kwa Kingazidja na kuhesabu kwa Kimalagasi. Maneno ya mchezo tu ndiyo yaliyobaki ya Kiswahili: takata, namua, umelala. Kila mgeni, kabla hajaondoka, alimwuliza Halimati nani anakaa sasa katika nyumba aliyoiacha Mahajanga. Halimati alijibu, "Watu." Wakashukuru.

Yeye alikuwa anamchongea mtu mmoja. Kila alasiri alifagia kwanza vumbi la mti, ndipo akaangalia njia, na kila alasiri aliyekuja alikuwa mwingine.

Mashimo thelathini yakaisha. Yakabaki mawili, ya nyumba. Nyumba ni shimo ambamo mchezaji huweka mali yake, moja kila upande, na huwa ya pembe nne. Mtu wa bao anajua hilo kama anavyojua kibla. Lakini bobari haikati pembe, patasi bapa ilibaki Mahajanga, na Halimati alikuwa amesubiri miaka minne na siku thelathini. Nyumba ya kwanza akaikomba duara.

Alasiri Mdahoma akaja.

"Kwezi, baba," Halimati akamwamkia.

Baba akaitikia, akainama, akapitisha kidole ndani ya lile shimo.

"Umelikomba vizuri," akasema. "Lakini hii si nyumba, mwanangu. Mtu akae wapi humu?"

"Sina patasi."

"Iko juu ya mlango."

Wakamtandikia mkeka, akasema miguu haimwumi. Alisimama mpaka magharibi. Kesho yake akasimama tena. Siku ya kumi na moja, Halimati akapanda meli ya mizigo, akalala juu ya magunia ya sukari mpaka Mahajanga.

Mlango wa nyumba yao, mtaa wa Mahabibo, ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Mwanamume aliyefungua alimsikiliza mpaka mwisho. Mkewe akasema kumbe ndiyo maana siku hizi mzee hakohoi tena ukumbini. Wakamkaribisha chai. Mwanamume akapanda kiti, akapapasa juu ya mlango, akashusha patasi na kuifunga kwenye gazeti.

"Chombo ni chenu," akasema. "Nyumba ina karatasi."

Akaileta, ili Halimati asidhani anamdanganya. Ilikuwa na mhuri, na tarehe yake ilikuwa wiki tatu baada ya fujo. Halimati alisoma jina la mwenye nyumba. Halikuwa la baba yake. Akamaliza chai, akashukuru.

Aliporudi Dzamandzar alikata pembe za ile nyumba asubuhi moja. Alasiri Mdahoma alipima nyumba kwa kidole gumba, pembe baada ya pembe, akakaa. Akamnyang'anya binti yake patasi, akachonga nyumba ya pili mwenyewe. Kwa nyumba hiyo hakuja mtu. Kisha akamwaga kete, akamfunga Mikidache mara mbili mfululizo.

"Mfu ana mkono mwepesi," Mikidache akanung'unika.

"Na mzima ana mdomo mwepesi," Mdahoma akasema, na baraza zima likacheka, wa huku na wa kule.

Muadhini akakohoa, akijiandaa. Wageni thelathini wakainuka, wakatafuta viatu vyao. Mdahoma naye akainuka. Alijipangusa kanzu, akamgeukia binti yake na kunyoosha kiganja.

"Maadam umefika nyumbani, nipe ufunguo, mwanangu, nitangulie."

Halimati alizitazama kete; ufunguo alikuwa nao yule mwenye karatasi. Zamu ilikuwa ya Mikidache, naye hakucheza.