Sekunde Arobaini za Kanda ya Kumi na Saba

Wanafunzi walimwita Bi Kanda, kwa kuwa ofisi yake ilijaa kanda za zamani kuliko vitabu. Alifundisha isimu chuo kikuu, na kwa miaka kumi na moja alihangaika na kanda arobaini alizoachiwa na profesa wake, marehemu: sauti za wazee wakizungumza lugha ya upande wa mama yake, lugha ambayo leo wazungumzaji wake hawamalizi vidole vya mikono miwili. Ukungu ulikuwa umezila kanda hizo. Mzee anazungumza, unasikia mkwaruzo, kisha anaendelea.

Ndipo akapata ruzuku. Haikuwa fedha, kampuni moja ya mbali ilimruhusu kutumia kompyuta zake zenye nguvu kupitia mtandao, miezi sita, ili aifunze akili mnemba lugha ile ijaze mapengo. Barua iliiita "ruzuku ya wingu". Mkuu wa idara aliuliza tangu lini wanaisimu wanapima mvua.

Mwezi wa nne mashine ilianza kuzungumza. Ilipewa pengo, ikatunga maneno kwa sauti ya mzee mwenyewe. Kila pengo lilijazwa mara tano, waone majibu yanavyotofautiana. Na yalitofautiana: mara mzee alitaja ng'ombe, mara mvua, mara alikohoa tu.

Isipokuwa kanda ya kumi na saba. Msimulizi alikuwa bibi yake Bi Kanda, akieleza walivyohama bondeni mwaka wa njaa. Palikuwa na pengo la sekunde arobaini. Mara zote tano mashine ilisema yale yale:

"Watoto walikuwa wawili. Wa pili tulimlaza njiani, penye mawe, na hatukumwambia mwenzake."

Mama yake Bi Kanda alizaliwa mwaka ule. Alijijua ni mtoto pekee.

"Mashine inakisia tu, Mwalimu," alisema fundi wa maabara, mtu wa utani. "Ni kama mtu anayekudakia mazungumzo akumalizie sentensi. Mara apatie, mara akuzushie."

"Mara tano, neno kwa neno?"

Fundi alikuna kichwa, akairudia mwenyewe mara ya sita. Ilipotoka vilevile, akavua vipokea sauti, akavitua mezani polepole kama kikombe kilichojaa. Hakutania tena siku hiyo.

Jumamosi Bi Kanda alikwenda kwa bibi mdogo, mdogo wake marehemu bibi, ajuza ambaye macho yalimtupa mkono lakini kumbukumbu zilibaki wembe. Akamwamkia, akapiga soga za hapa na pale, mwisho akauliza.

Bibi mdogo alimgeukia.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia kwenye kanda, bibi. Ile ya profesa."

"Haiwezekani. Nilikuwepo. Dada yangu alilisema neno hilo, kisha akajuta, akamwomba yule bwana alifute. Akalifuta mbele yetu. Tukasikiliza wote, hakuna kitu." Alipapasa mkono wa mjukuu wake, akaushika kwa nguvu. "Waliojua wote wamekufa. Nimebaki mimi, na mimi sijafungua mdomo."

Kwa hiyo pengo lile halikuliwa na ukungu. Mashine ilikuwa imepewa kimya kitupu.

Bi Kanda hakuweza kukaa na siri ile. Akamweleza mama yake. Mama hakulia, alisema tu kwamba anataka kumsikia mama yake, na Jumatatu mchana akaja chuoni, amevaa nguo zake za heshima. Akaketi kwenye kiti cha dirishani, akasikiliza mara mbili.

"Hiyo nafasi ni ya sekunde arobaini?"

"Ndiyo, mama."

"Ukimpa kubwa zaidi, ataendelea?"

Fundi alimtazama Bi Kanda. Ilikuwa kazi ya kubadilisha tarakimu tu. Akaandika dakika mbili.

Wakangoja. Sauti ikarudia yale yale hadi "hatukumwambia mwenzake". Kisha zikasikika pumzi, za mtu aliyetulia, anayekutazama. Halafu bibi akamwita mama kwa jina la utotoni, jina lisilokuwemo katika kanda yoyote.

"Mbona umekaa penye upepo, mwanangu? Funga dirisha. Kifua chako hakiwezi baridi."

Mama akainuka, akafunga dirisha.

"Nimefunga, mama," alisema kwa lugha ile, kwa wepesi ambao Bi Kanda hakuwahi kuusikia kinywani mwake.

Dakika mbili zilikuwa zimekwisha. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwona akinyanyuka.

"Ongeza," mama alisema.

"Hapana, mama."

"Kidogo tu, mwanangu."

Bi Kanda naye alitamani, pengine kumshinda mama yake. Ndiyo maana alizima.

Alifuta kila alichoifunza mashine, akaiandikia kampuni kwamba anarudisha miezi miwili iliyobaki. Wakamjibu kwa adabu, wakiuliza kama mitambo ina hitilafu. Aliandika kuwa ilifanya kazi vizuri. Katika ripoti yake mapengo yote yako wazi. Mkuu wa idara alisema bahati haibishi hodi mara mbili.

Mama alinuna siku chache. Kisha akamchukua bibi mdogo, wakaenda njia ya bondeni. Mawe hawakuyaona, barabara ya lami imepita juu yake. Walikaa pembeni wakizungumza lugha yao mpaka jua likapinda.

Juzi Bi Kanda alimsindikiza mama hospitali kupima presha. Muuguzi alikuwa akijaza fomu.

"Kwenu mmezaliwa wangapi, mama?"

"Wawili," mama alisema. "Mwenzangu alitangulia."

Muuguzi akaandika.